Gundi Imeogopa Maji: Namna ya Kuandaa Aluminiamu kabla ya Kuibandika

Sanduku la barafu lilirudi karakanani baada ya wiki tatu. Mwenyewe ni mzee mwenye mashua mbili, anauza samaki pale Feri, Mtwara mjini. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba. Mjukuu wangu, gundi yako imeogopa maji." Akaweka juu ya meza kiraka cha aluminiamu nilichokuwa nimembandikia. Kilikuwa kimebanduka chenyewe, bila patasi, bila nyundo.

Kabla hujailaumu gundi, itazame ilivyoachia. Ile ya mzee ilikuwa imebaki yote kwenye kiraka, na mikwaruzo niliyoipiga sandukuni imechapika juu yake kama muhuri. Sandukuni kwenyewe bati linang'aa, halina hata tone. Maana yake gundi iligusa lile bati lakini haikulishika. Kama ingekatika katikati, ikabaki nusu huku na nusu kule, ningesema gundi ndiyo dhaifu. Kwa aluminiamu hilo ni nadra kuliona. Karibu kila kiraka kinachorudi kwangu kimeachia pale gundi inapokutana na bati, na hapo ni kazi ya fundi, siyo ya kiwanda.

Nilichofanya siku ile ni hiki: nilifuta kwa petroli, nikasugua kwa stilwaya ya masufuria, nikaenda kuswali adhuhuri na kula, nikarudi kupaka gundi. Makosa matatu kwa mpigo, na la nne sikulijua hadi baadaye: sikuosha chumvi.

Kinachotokea juu ya bati

Aluminiamu haikai uchi. Ukiikwaruza sasa hivi, oksijeni ya hewani inaivalisha ngozi mpya kufumba na kufumbua. Ngozi hiyo ni oksaidi, unene wake nanomita chache tu, hata macho hayaioni, lakini ni ngumu ajabu: aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, wakati oksaidi yake inahitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Ngozi hii ikiwa mpya na safi, gundi inaipenda. Shida ni kwamba haikai mpya. Inavuta unyevu, inavuta mafuta yaliyo hewani na mikononi, na maji yakiifikia kwa muda mrefu inabadilika kuwa unga dhaifu uliovimba, ikaisukuma gundi kutoka chini. Ndiyo maana kiraka kibaya kinaweza kuonekana imara kabisa siku ya kwanza, ukakivuta kwa koleo kisitoke, halafu baada ya wiki tatu za maji ya barafu kikadondoka.

Hapa pwani tuna unyevu mwaka mzima na chumvi kila mahali. Anayebandika Dodoma anaweza kufanya uzembe fulani na asiadhibiwe. Mtwara, Mikindani, Lindi, Kilwa, hutasamehewa.

Kazi za kukataa

Sufuria inayovuja usiibandike, hata mama akikusihi. Epoksi nyingi za madukani huanza kulegea zikifika nyuzi 60 au 80, na chakula hakitaki gundi. Ngazi, kiti cha kukalia na mabomba ya gesi nayo hapana. Bodi ya boti chini ya mstari wa maji, gundi peke yake haitoshi, weka na ribiti.

Gundi ina nguvu ikivutwa kwa kuteleza, kipande juu ya kipande. Ikibanduliwa kutoka ukingoni, kama unavyobandua stika, ni dhaifu sana. Kwa hiyo kiraka kiwe kipana, kilalie bati zima angalau milimita 25 kila upande wa tundu, na pembe zake zizungushwe. Pembe kali ndiyo mlango wa kubanduka.

Vifaa

Epoksi ya mirija miwili ya kukauka saa 24, siyo ile ya dakika tano. Ya dakika tano ni nzuri kwa kushikiza kitu kisicheze, ila maji hayapatani nayo. Msasa mpya namba 80, 120 na 180. Usiwe uliowahi kugusa chuma au rangi. Glavu. Barakoa ya vumbi. Vitambaa vyeupe vya pamba. Mabaki kutoka kwa fundi cherehani yanafaa, lakini nguo mpya ina wanga na mafuta ya mashine, hivyo fua kwanza kwa sabuni, suuza sana, usitie dawa ya kulainisha nguo. Vipande vya kanga au kitenge acha, asetoni inachuja rangi yake na kuihamishia kwenye bati.

Asetoni ndiyo itakayokusumbua kuipata. Ile ya saluni ya kutolea rangi ya kucha usinunue, nyingi zimetiwa manukato na mafuta ya kulinda kucha. Ulizia kwa mafundi wa boti za faiba, wao wanasafishia brashi kwa asetoni halisi na mara nyingi watakupimia nusu lita. Petroli inaacha mafuta yake nyuma. Thina ni mchanganyiko, leo hivi kesho vile, hujui umepaka nini. Ukitumia asetoni kaa mbali na jiko la mkaa, mvuke wake unatambaa chini na kuufuata moto.

Hatua ya 1: Osha chumvi

Watu wanairuka hatua hii kwa sababu wanadhani asetoni inasafisha kila kitu. Asetoni haiyeyushi chumvi. Ukifuta bati lenye chumvi kwa asetoni unaisambaza tu, halafu msasa unaichimbia ndani ya mikwaruzo, na chumvi iliyofungiwa chini ya gundi itavuta maji hadi kwake.

Kwa hiyo anza na maji ya moto, sabuni ya maji na brashi ya nailoni. Sanduku la samaki lina pia mafuta ya samaki, lioshe mara mbili. Suuza kwa maji baridi mengi. Visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, hayo yasiwe ya suuza la mwisho. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora, au yale safi yanayouzwa vituo vya mafuta kwa kuongezea betri. Soma chupa: ni maji, siyo asidi, maana mitaani vyote viwili vinaitwa "maji ya betri".

Kama ni sanduku la barafu, toa barafu yote na uliache wazi siku nzima. Bati lenye ubaridi linatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na jasho hilo hutaliona ukiwa na haraka.

Hatua ya 2: Jua unachobandika juu yake

Profaili za madirisha na milango mara nyingi zimepakwa rangi ya unga, nyeupe au kahawia. Gundi itashika rangi, na rangi itaachia. Itoe yote mahali pa kubandika. Nyingine zinaonekana kama aluminiamu tupu, rangi ya fedha iliyofifia, kumbe zimeanodaiziwa, yaani zimeongezwa oksaidi nene kiwandani na vitundu vyake vikazibwa. Hiyo nayo haishiki vizuri.

Utajuaje? Chukua mita ya fundi umeme (maltimita), iweke kwenye mlio wa kupima waya, gusisha ncha zote mbili juu ya bati bila kukwaruza. Ikilia, ni metali tupu. Ikinyamaza, kuna kitu juu, iwe rangi au anodaizi. Sugua kwa namba 80 hadi ilie kila mahali.

Hatua ya 3: Asetoni ya kwanza, kabla ya msasa

Mafuta yatoke kabla hujasugua. Ukianza na msasa unayasaga mafuta kuingia kwenye metali, na hapo hayatoki tena. Tumia vitambaa viwili: cha kwanza kina asetoni, cha pili kikavu kinafuata nyuma yake kabla asetoni haijakauka. Ikikauka yenyewe, uchafu uliokuwa umeelea unatua palepale. Futa upande mmoja, usirudi nyuma, geuza kitambaa kila mpigo. Endelea mpaka kitambaa cheupe kitoke kikiwa cheupe.

Kitambaa usikichovye kwenye chupa kubwa ya asetoni. Mimina kidogo kwenye kitambaa. Ukichovya kitambaa kilichokwisha futa, umeitia mafuta chupa nzima.

Na mikono. Msimu wa korosho nusu ya mji ina mafuta ya korosho vidoleni, na yale ya ganda hayatoki kwa kunawa mara moja. Mafuta ya nazi ya nywele, losheni, silikoni ya kung'arishia dashibodi za magari, vyote ni sumu ya kazi hii. Vaa glavu mpya kuanzia hapa, na ukijikuna uso, badilisha.

(Ila korosho si adui tu. Mafuta hayohayo ya ganda ndiyo yanatoa kadanoli, na kutokana nayo viwanda vinatengeneza hadena za epoksi (ile sehemu ya pili inayoikaza gundi) ziitwazo fenalkamini. Zinapendwa kwenye rangi za meli kwa kuwa zinakauka hata penye unyevu na ubaridi. Sisi tunauza korosho, wenzetu wanatuuzia hadena.)

Hatua ya 4: Msasa

Bati nene sugua kwa namba 80 au 120. Bati jembamba chini ya milimita moja tumia 180, usije ukalitoboa. Piga mikwaruzo ya kupishana, kwanza huku, halafu kuikata, halafu mviringo. Unatafuta rangi moja ya kijivu iliyofifia, pasiwe na doa linalong'aa. Penye kung'aa hapajaguswa. Kiraka nacho kina upande wake wa kusuguliwa; nimeona kijana akiandaa sanduku kwa saa nzima na kiraka akakibandika kama kilivyotoka dukani.

Stilwaya na brashi ya waya wa chuma weka kando. Zinaacha chembe za chuma ndani ya aluminiamu, na chuma na aluminiamu vikikutana kwenye maji ya chumvi vinakuwa betri ndogo inayoila aluminiamu. Utaona vidoa vya kutu kwanza, baadaye unga mweupe. Huo ndio ulikuwa mwisho wa stilwaya yangu.

Vumbi usilipulize kwa mdomo, mate yana kila kitu. Kompresa nayo nyingi zinatema mafuta pamoja na upepo. Futa kwa kitambaa kikavu.

Hatua ya 5: Asetoni ya pili, kisha hukumu ya maji

Rudia kama hatua ya 3. Kitambaa kitatoka na weusi wa vumbi la aluminiamu, endelea hadi uishe. Sasa lete maji yale safi, nyunyiza juu ya bati, lisimamishe wima na uangalie.

Maji yakitanda kama karatasi moja nyembamba, yakakaa hivyo kwa nusu dakika, bati ni safi. Yakijikunyata na kuwa matone, au yakikimbia sehemu fulani na kuacha kisiwa kikavu, kisiwa hicho kina mafuta. Rudi hatua ya 3, na usijidanganye kwamba ni kadogo. Jaribio hili halina gharama na halina upendeleo. Ila kuna mtego mmoja: bati likiwa na mabaki ya sabuni, maji yatatanda vilevile. Ndiyo maana suuza la hatua ya 1 liwe la kweli.

Likifaulu, likaushe. Kikausha nywele cha saluni kwa moto wa wastani kinafaa, au jua la dakika kumi, halafu lirudi kivulini lipoe. Usiguse.

Muda unahesabiwa kuanzia hapa. Mimi najipa nusu saa kati ya Desemba na Aprili, mvua zinaponyesha, na saa moja wakati wa kusi hewa ikiwa kavu zaidi. Viwandani wanaruhusu saa kadhaa, lakini wao wana chumba chenye kiyoyozi. Ukichelewa, msasa tena na asetoni tena. Saa nzuri ya kazi ni kuanzia saa nne asubuhi, umande umeondoka na jua halijawa kali. Bati lililokaa juani mchana linaunguza mkono, na gundi ikiongezeka nyuzi 10 za joto muda wake wa kufanyia kazi unapungua karibu nusu.

Hatua ya 6: Sugulia ndani ya gundi

Hii nimejifunza kwa watengeneza boti na sasa siiachi. Changanya epoksi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mirija yenyewe. Kuongeza hadena "ikaze haraka" kunaiharibu. Koroga dakika mbili hadi isiwe na michirizi. Paka tabaka jembamba kwenye bati, halafu chukua kipande cha msasa namba 120 usugue bati likiwa chini ya gundi hiyo mbichi, nusu dakika hivi kila mahali.

Mantiki yake ni rahisi. Unakwangua ile ngozi ya oksaidi mahali ambapo hewa haifiki. Aluminiamu mpya inakutana na gundi moja kwa moja, kabla ya unyevu. Gundi itageuka kijivu. Futa ile chafu juujuu, usiikaushe yote, paka mpya papo hapo. Fanya vivyo hivyo kwenye kiraka.

Sasa unene. Wengi wanakaza klampu kwa nguvu zote na gundi yote inatoka pembeni, kinabaki kitu kikavu katikati. Gundi inataka kubaki robo milimita hivi. Kata vipande vinne vifupi vya mshipi wa nailoni wa kuvulia, ule wa milimita 0.25, vifute kwa asetoni, vilaze karibu na pembe nne ndani ya gundi. Ukikaza, mshipi unazuia bati lisigusane na bati. Kaza hadi gundi ichomoze kidogo pande zote, basi. Iliyochomoza ilainishe kwa kidole chenye glavu iwe mteremko mdogo unaofunika ukingo, maji yasipate pa kuanzia.

Klampu zikae mpaka kesho. Maji yasiguse kwa siku tatu, na mwenyewe asitie barafu kabla ya wiki kuisha. Gundi ikikauka kwenye unyevu mwingi huweza kuota utando wa kunata kama nta. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kupaka kitu kingine juu.

Asidi je?

Viwanda vya ndege haviishii kwenye msasa. Wanachovya aluminiamu kwenye asidi, au wanaianodaizi kwa asidi ya fosforasi ili ioteshe oksaidi yenye vitundu ambavyo gundi inazama ndani. Hata wao walijifunza kwa uchungu. Tarehe 28 Aprili 1988 ndege ya Boeing 737 ya Aloha Airlines ilifumuka paa la mbele ikiwa angani huko Hawaii, mhudumu mmoja akafa. Maungio ya bati zake yalitegemea gundi pamoja na ribiti. Gundi ikaachia, unyevu ukaingia, kutu ikafuata, mzigo wote ukahamia kwenye ribiti na nyufa zikaanza kwenye matundu yake. Ilikuwa imeruka karibu mara 90,000, safari fupifupi kati ya visiwa, kwenye hewa ya bahari kama hii yetu.

Kwa karakana ya mtaani asidi siipendekezi. Zile za zamani zenye kromu zinasababisha saratani. Kostiki ya kutengenezea sabuni nayo naona vijana wanaijaribu: inaila aluminiamu kwa fujo, inatoa haidrojeni inayoshika moto, na inaacha masizi meusi yasiyoshika gundi. Msasa ndani ya gundi unatosha kwa sanduku, fremu na kibao.

Kujipima

Usisubiri mteja akuletee majibu. Kata vipande viwili vya aluminiamu ya milimita 3, upana 25, urefu 150. Viandae vilevile ulivyoandaa kazi, siku ileile, gundi ileile, ila mwisho mmoja weka kipande cha karatasi ya nailoni urefu wa milimita 30 ili pasishike. Vikishakauka, toa nailoni, gongomelea kabari ya milimita 3 kwenye mwisho huo. Ufa utafunguka kisha usimame. Weka alama ya pini ulipoishia, pande zote mbili. Vitumbukize kwenye maji ya moto ya nyuzi 50 ndani ya chupa ya chai kuukuu, na chupa hiyo isirudi tena jikoni.

Asubuhi pima. Ufa ukisogea milimita chache, na ukivifungua ukakuta gundi imebaki pande zote mbili, uko salama. Ukikimbia na kuacha bati linalong'aa, kuna hatua umeiruka, na mara nyingi ni ya kwanza au ya tano.

Sanduku la mzee nililiandaa upya kwa utaratibu huu. Vipande vyake vya majaribio viko kwenye ndoo ya maji ya bahari nyuma ya karakana, kabari bado imo, na kila Ijumaa nabadilisha maji na kupima alama ya pini.